Ushauri: madogo wanne wa kituo chetu Igoma wameulizwa na wasaka vipaji wa Serengeti Boys. Karatasi zao tuziweke vipi?

Mwalimu wa Igoma (mleta uzi)
Wakuu, mwangaluka. Kituo chetu kiko Igoma, hapa Mwanza. Wasaka vipaji wa timu ya taifa ya chini ya miaka 17 wameomba majina ya madogo wanne. Wamezaliwa Februari 2009, 28 Desemba 2009, Mei 2010 na Novemba 2011. Wawili kati yao hawana cheti cha kuzaliwa. Huyu wa Februari 2009 kuna bwana anayejiita wakala ameshamfikia baba yake, anamwambia atamshusha hadi 2011 ili acheze mashindano mengi. Baba ameanza kulegea.

Naomba kujua nani anaruhusiwa mashindano ya mwaka gani, karatasi gani zinatakiwa, na huo MRI wa kukagua umri unapima nini hasa. Wazazi nao wananiuliza hiyo Serengeti Boys imewahi kufika wapi mpaka wahangaike hivi. Mwenye majibu anisaidie.

Mzunguko wa Nyamagana
Nianze na miaka maana ndiyo rahisi. Chukua mwaka wa mashindano, toa 17. Anayeruhusiwa ni aliyezaliwa kuanzia Januari mosi ya mwaka unaopata. AFCON ya vijana hawa ya 2017 ilikuwa 2000, ya 2019 ikawa 2002, ya 2025 ikawa 2008. Kwa hiyo madogo wako wawili wa 2009 mwisho wao ni mashindano ya 2026. Wa Mei 2010 anaenda mpaka 2027, wa Novemba 2011 mpaka 2028.

Zamani Kombe la Dunia la vijana hawa lilikuja kila baada ya miaka miwili, ukizaliwa mwaka mbaya umekwisha. Kuanzia 2025 linachezwa kila mwaka Qatar, timu 48, na Afrika ina nafasi 10. Mwambie huyo baba kwamba sababu ya kushusha umri imepungua sana.

Angalizo kuhusu huyo wa 28 Desemba 2009: atashindana na waliozaliwa Januari mwaka huohuo. Miezi 11 katika umri huo ni kimo na nguvu za mapaja. Unapompeleka kwenye majaribio, waambie makocha tarehe yake kabla hawajaanza kumlinganisha, la sivyo wataona kafupi tu.

Ngosha wa Kirumba
Tuache unafiki wakuu. Afrika nzima inashusha umri, kwa nini sisi tujifanye malaika?

Mzunguko wa Nyamagana
Ngosha, rekodi ya Serengeti Boys ndiyo jibu lako, na wazazi wa Mwalimu waisome hapahapa.

Kufuzu AFCON ya 2005 kule Gambia, Tanzania iliitoa Zimbabwe uwanjani. Ikabainika tulichezesha aliyezidi umri, tukaondolewa, na Zimbabwe tuliowafunga ndio wakaenda. Kizazi kizima kikalipa kwa karatasi ya mtu mmoja.

Kufuzu ya 2017 upepo ukageuka. Tuliwafunga Kongo Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, wakatufunga 1-0 kwao, wakapita kwa goli la ugenini. TFF, shirikisho letu la soka, ikalalamikia umri wa mchezaji wao mmoja. CAF ikamtaka afike Gabon kwa MRI, hakutokea. Kongo nje, sisi ndani. Hukohuko Gabon tukatoka 0-0 na Mali waliokuja kuwa mabingwa, tukaifunga Angola 2-1, tukabaki na mechi ya Niger. Sare tu ingetupeleka nusu fainali na Kombe la Dunia India. Tukafungwa 1-0. Pointi tukalingana, nne kwa nne, tofauti ya magoli ikalingana pia, ila kinachotazamwa kwanza ni nani alimfunga mwenzake. Mtu asikuambie timu ile ilikuwa dhaifu. Mechi tatu, kufungwa magoli mawili tu.

2019 tulikuwa wenyeji Dar. Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2, zote tumefungwa. Magoli 12 ndani ya mechi tatu, na sita tulifunga sisi. Mbele kulikuwa na watu, nyuma hakukuwa na mtu. Mwaka huohuo Guinea walifika fainali wakapoteza kwa penati mbele ya Kameruni, kisha wakanyang'anywa tiketi ya Kombe la Dunia la Brazili kwa sababu wachezaji wao wawili walikuwa na tarehe tofauti na zile za pasipoti walizosafiria Japani 2017. Senegali wakaenda badala yao.

Ya 2021 ilikuwa ifanyike Moroko, tulikuwa tumeshafuzu, UVIKO ukaifuta. 2025 tukaenda Moroko kweli: Zambia wakatufunga 4-1, Uganda 3-0, tukaishia mkiani mwa kundi. Uganda, waliokuwa kundi moja nasi, walimaliza wa tatu wakapenya hadi Qatar kupitia mchujo.

Kwa hiyo mpaka 2025 Kombe la Dunia lilikuwa bado kwa wavulana. Mabinti, Serengeti Girls, walishafika.

Karani wa Vyeti
Mwalimu, hao wawili wasio na cheti anza nao kesho. Usajili wao ni wa kuchelewa, unapitia ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ambayo iko kwa Mkuu wa Wilaya. Ombi linajazwa mtandaoni. Kinachokwamisha ni ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya mtendaji, na kitambulisho cha mzazi. Kadi ya kliniki ndiyo yenye uzito kwa kuwa iliandikwa wakati mtoto hajajulikana kama atacheza mpira.

Kabla hujawasilisha chochote, tandika karatasi zote mezani usome majina herufi kwa herufi. Huku kwetu Usukumani L na R zinabadilishana viti kila siku. Kliniki wameandika Masele, shule wameandika Maselle, kanisani Masere. Mtoto mmoja amekuwa watatu. Chukua jina lililoko kwenye rekodi ya shule, yaani kwenye namba yake ya mwanafunzi, ile ya PREM, maana hilo ndilo litakalotoka kwenye matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, na ndilo gumu kubadilisha. Majina mengine yafuate hilo, kwa kiapo ikibidi. Na yawe matatu, kwa mpangilio uleule kila mahali.

Kuhusu huyo anayetaka kumshusha hadi 2011: dogo alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka fulani. Ukimpa kuzaliwa 2011, hesabu itaonyesha alianza darasa la kwanza akiwa na miaka minne. Mkaguzi hahitaji hata mashine.

Pasipoti msiikimbilie. Akiitwa kambini timu ina utaratibu wake. Wasiwasi wangu ni kwamba tarehe ikishaingia kwenye pasipoti na akasafiri nayo, imeandikwa mlangoni pa nchi nyingine. Guinea waliumbuliwa hapo.

Picha ya Kiganja
MRI sasa. Wanapiga picha kifundo cha mkono, kwa kawaida wa kushoto. Wanaangalia mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, pale karibu na kiganja, ambako kuna gegedu linalourefusha mfupa. Mtoto anapokua gegedu hilo linaziba kidogokidogo mpaka linakuwa mfupa mtupu. Daraja ziko 1 hadi 6, na daraja la 6 maana yake limeziba kabisa. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la Nigeria 2009.

Watu wengi wanakosea sehemu tatu. Kwanza, kipimo hakisemi una miaka mingapi. Kinasema tu kama mfupa umefungwa, na kwa wavulana ambao hawajafika miaka 17, waliofungwa kabisa hawafiki mmoja kwa mia. Pili, aliyezidi anaweza kupita pia, kama mfupa wake umechelewa, kwa hiyo kupita MRI hakusafishi karatasi mbovu. Tatu, eksirei ya hospitali ya wilaya si kitu kilekile. Usimlipishe mzazi eksirei ukidhani umejihakikishia.

Hakina mionzi, hakina sindano. Dogo alale, asitikisike dakika chache, avue kila chenye chuma. Akitikisika picha inakuwa ukungu na kurudiwa.

Binti wa Mabatini
Na mabinti wanapimwa hivyo?

Picha ya Kiganja
Hapana dada. Mifupa ya wasichana hukomaa mapema, kipimo kingewaonea. Kwao karatasi ndiyo kila kitu. Serengeti Girls walikwenda India 2022, wakafungwa na Japani 4-0 wakadhaniwa wamekwisha, wakawafunga Ufaransa 2-1, sare 1-1 na Kanada, robo fainali wakatolewa na Kolombia 3-0. Kocha alikuwa Bakari Shime, yuleyule aliyekuwa na wavulana Gabon 2017 walipoikosa India kwa goli moja.

Mwalimu wa Igoma
Asanteni sana wakuu, hii nimeinakili yote. Swali dogo: dogo wa Mei 2010 anachoka dakika ya 50 kila mechi. Mazoezi anafanya sawa na wenzake, na nyumbani wanakula vizuri tu.

Mama Sato
Anaoga ziwani?

Mwalimu wa Igoma
Kila Jumapili, mama. Kwao ni Igombe.

Mama Sato
Basi kabla ya kumwongezea mbio mpeleke akapimwe choo. Kichocho cha ziwa letu ni cha tumbo, kwa hiyo ukipima mkojo peke yake utaambiwa mzima. Kinakula damu polepole, mtoto haumwi hata akalala, anapungua pumzi tu. Mwombe mhudumu apime na wingi wa damu siku hiyohiyo, na malaria. Dawa ni praziquantel, inatolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Ale kwanza, akimeza na njaa anaweza kutapika. Na akirudi kuoga ziwani wiki inayofuata amerudi mwanzo, dawa haikingi.

Chakula msitafute cha dukani. Dagaa wazima na vichwa vyao, mboga za majani, na ndimu juu.

Ngosha wa Kirumba
Haya nimenyamaza. Ila huyo wakala je? Mwenye leseni si ana haki ya kumfuata mzazi?

Mzee wa Usajili
Ana haki yenye mipaka. Kanuni za FIFA za mawakala za 2023 zinamruhusu kumkaribia mtoto ndani ya miezi sita tu kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi, na kwa ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka miwili. Mwulize namba ya leseni, uitafute kwenye orodha ya FIFA mtandaoni. Akianza kuzungusha maneno umeshajibiwa. Akiahidi kumpeleka Ulaya mwaka huu, uhamisho wa nje kwa aliye chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache, na kipaji si mojawapo.

Mwalimu, nawe kituo chako kimesajiliwa kupitia chama cha soka cha wilaya? Uliza leo. Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya ada inagawiwa waliomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu ya 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada kwa kila mmoja, kuanzia 16 ni 0.5. Akiuzwa dola 1,000,000 na wewe ulikaa naye misimu minne ya mwanzo, ni dola 10,000. Kituo kisicho kwenye mfumo wa TFF hakipati hata nauli ya daladala, na tarehe ya usajili wa dogo ndiyo inayohesabiwa, si siku ulipomwokota uwanjani.

Mwalimu wa Igoma
Kituo hakijasajiliwa. Jumatatu asubuhi niko chama cha wilaya, mchana kwa Mkuu wa Wilaya na kadi mbili za kliniki. Moja imeliwa na panya kwenye mwezi wa kuzaliwa, mwaka unasomeka.

Karani wa Vyeti
Nenda kliniki ilikotolewa, waombe wafungue rejesta yao ya mwaka huo. Usijazie mwezi kwa kalamu.