Kiwanja cha urithi kiko bondeni, kibali cha ujenzi nitakipata?

BintiWaShamba:
Assalam alaykum jamani. Mimi nipo Maskati kikazi na nataka nianze nyumba Unguja, inshaallah, watoto wakirudi wakute pa kukaa. Ami yangu kanipa kipande katika shamba la marehemu babu, pembezoni mwa bonde la mpunga upande wa Mwera. Kiangazi pakavu kabisa. Masika ndiyo maneno: mama anasema maji hukaa, ami anasema yanapita tu. Jirani wa upande wa chini kashajenga vyumba viwili na hajabughudhiwa na mtu.

Mkononi nina karatasi ya sheha, na ramani ya nyumba nimeshachorewa. Ami ananambia nipige msingi kwanza, kibali kitanifuata. Mimi roho inasita. Nikijaza kifusi nikanyanyua kiwanja, watanikubalia? Na naanzia ofisi gani?

Mzee_wa_Baraza:
Waalaykum salaam mwanangu. Ami yako mwenyewe kajenga wapi?

BintiWaShamba:
😂 Juu, karibu na barabara.

Mzee_wa_Baraza:
Ehee.

KambaNaMambo:
Dada, kazi yangu ni upimaji, wacha nikueleze kwa utaratibu kidogo. Ramani ya nyumba iweke kabatini kwanza, anza na ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Wewe unachopata ni haki ya kuitumia. Karatasi ya sheha inaonesha kwamba sheha anawajua nyinyi na anajua mipaka. Hati hiyo si hati ya matumizi ya ardhi.

Sasa hilo shamba la babu, mirathi ishagaiwa? Kama haijagaiwa, ami hana kipande cha kukupa, ana fungu lake ndani ya kitu cha wengi. Shangazi zako wakija baadaye na madai, nyumba yako ndiyo itakayokuwa katikati ya ugomvi. Pitieni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mtoke na karatasi ya mgao. Na muulize ami kama lile ni shamba la asili au ni katika eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, maana za eka tatu zilitolewa kwa kilimo na zina masharti yake.

Ukishatoka hapo, nenda Kamisheni ya Ardhi uulize eneo lile limepangiwa matumizi gani. Hili watu wengi hulikimbia na ndilo lenye uzito. Ikiwa bonde limewekwa kwa kilimo, au ndiyo njia ya maji, DCU wanaodhibiti ujenzi hawatakuwa na sababu ya kukupa kibali hata ramani yako iwe ya kupendeza vipi. Wakija kuangalia kiwanja wanaangalia maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kama kuna ardhi oevu au mikoko karibu, ZEMA, watu wa mamlaka ya mazingira, nao watakuwa na neno.

Kijana_Mchapakazi:
Mnamtisha bure. Nusu ya Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, imejengwa bila ya kibali na watu wanaishi, wanazaa, wanaozesha. Ukifuata ofisi utazungushwa mpaka fedha za tofali ziishe. Piga msingi dada.

KambaNaMambo:
@Kijana_Mchapakazi wanaishi, kweli. Lakini Mwanakwerekwe na Sebleni masika yakichachamaa tuliwaona wakitoa magodoro kichwani. Serikali ikakopa Benki ya Dunia kuchimba ile mitaro mikubwa ya mjini. Na mtaro ukija kupita kwako, aliye na hati na kibali anakaa mezani kuzungumza fidia. Asiye nacho anaomba huruma.

FundiZege:
Mimi nizungumzie udongo, maana naona mnazungumza karatasi tu. Bonde la mpunga ni kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi. Kinamo kikinywa maji kinavimba, kikikauka kinapasuka mpaka unaingiza mkono. Msingi wa kawaida wa mawe ukiuweka juu yake, mwaka wa kwanza ukuta mzima, wa pili utaona ufa unaanza pembeni mwa dirisha unashuka kimshazari. Fundi atakuja kuziba kwa saruji, masika yakirudi unafunguka pale pale.

Kifusi nacho si dawa kama watu wanavyodhani. Kwanza kinataka kushindiliwa tabaka kwa tabaka, na siyo kumwagwa na gari kisha mtu akajenga wiki ya pili yake. Halafu maji uliyoyafukuza kwako hayajafa, yamehamia kwa mtu. Ukilazimika kabisa kujenga pale, nyanyua nyumba kwa nguzo za zege, maji yapite chini, na sakafu iwe juu ya alama ya maji ya mwaka mbaya, siyo mwaka wa kawaida. Gharama ya hizo nguzo lakini… mimi ningetafuta kiwanja chengine.

MamaWete:
Alosema fundi ni kweli tupu. Huku Pemba kwetu ni vilima na mabonde, nyumba yetu iko mteremkoni. Jirani akajaza kifusi akapiga na ukuta. Masika yaliyofuata maji yakakosa njia yao, yakaingia jikoni kwetu, na karo la maji machafu likafurika mpaka karibu na kisima. Tuliitana kwa sheha, tukapelekana mbele, na mpaka leo hatupikiani futari. Dada usijiingize kwenye uadui wa maji.

BintiWaShamba:
Nawashukuru sana. Nimemtuma kaka yangu akatazame, kanipigia kwa video. Ukuta wa yule jirani wa vyumba viwili una mstari wa tope, unafika chini kidogo ya dirisha! Na mlango kaujengea kizingiti cha tofali mbili. Ami hakuwahi kunambia.

Mirathi nayo kumbe haijagaiwa. Mama kasema shangazi wawili hawajui hata kama mimi nimepewa.

Shamba lenyewe lakini linapanda upande wa magharibi, kuna minazi, na udongo wa huko ni mwekundu. Nikiomba fungu letu liwe huko?

FundiZege:
Mwekundu ni kinongo, hapo tunazungumza lugha moja. Omba huko hata kama ni padogo zaidi.

KambaNaMambo:
Sawa. Mgao kwanza, na shangazi wote wawepo au watume wawakilishi. Kisha mpimaji aweke mipaka na apime kimo kuanzia ule mstari wa tope, ili kwenye maombi ya DCU ionekane wazi nyumba iko juu kiasi gani. Kaka yako apige picha za ule ukuta kabla jirani hajapaka chokaa.

BintiWaShamba:
Ami nimwambieje? Kanuna.

Mzee_wa_Baraza:
Mwambie mama ndiye amwambie. Wewe mpigie Ijumaa umsalimie tu.

FundiZege:
Na ile ramani uliyochorewa irudishe kwa mchoraji, karo alitoe nyuma alipange mbali na kisima, maana mteremko umebadilika.