Tupeane uzoefu: The Sound of Music, tulivyoiona utotoni na tunavyoiona sasa

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa kumbukumbu za filamu hii iliyoongozwa na Robert Wise na kutolewa mwaka 1965, ambayo wengi wetu tuliifahamu kupitia kanda za video za wazazi, muda mrefu baada ya kupita kwenye majumba ya sinema. Sina haja ya kuorodhesha sifa zake. Ilitwaa tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na hilo linatosha. Ninachouliza ni hiki: ukiwa mtoto ulipenda sehemu gani, na sasa ni ipi inayokugusa?

Naanza mwenyewe. Kwangu ilikuwa filamu ya Julie Andrews (ndiye Maria, mtawa mwanafunzi anayetumwa kuwa mlezi) na watoto saba, basi. Nilipenda nguo zilizoshonwa kwa mapazia, nilipenda onyesho la vikaragosi, na kila Kapteni von Trapp, baba yao mjane, alipopuliza filimbi yake nilimchukia kwa dhati. Bendera ya Wanazi anayoikuta imetundikwa nyumbani kwake baada ya fungate, kisha akaichana kwa mikono yake, niliiona kuwa kitambaa tu. Siku hizi ninapoitazama, naona kwamba tangu ile karamu ya nyumbani, ambapo wageni wanarushiana maneno ya chini chini kuhusu Austria, tunaandaliwa kwa yale yatakayotokea mwaka 1938, Ujerumani ya Hitler itakapoimeza nchi hiyo. Mambo hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, lakini nilikuwa nikisubiri wimbo unaofuata.

Mchangiaji wa kwanza:
Filamu ina urefu wa karibu saa tatu, na kwetu ilikuwa kwenye kanda mbili. Ya pili iliazimwa na jirani, haikurudi. Kwa hiyo sisi watoto tulikua tukijua hadithi inayokoma pale Maria anapoondoka kimyakimya usiku wa karamu na kurejea kwa watawa, na tukakubali kwamba ndivyo ilivyokwisha. Hakukuwa na harusi, hakukuwa na Wanazi, hakukuwa na safari ya milimani. Nilipokuja kuiona nzima nikiwa mtu mzima, furaha ya nusu ya pili ilinishangaza, na mpaka leo ninaamini kwamba ule mwisho wetu wa bahati mbaya ulikuwa na uzito wake: mtu anaipenda familia, anaogopa mapenzi hayo, anaondoka.

Mchangiaji wa pili:
Baronesi Schraeder, yule mchumba wa Kapteni. Utotoni alikuwa adui. Sasa namwona mwanamke anayetambua kwamba ameshindwa, akaachia njia kwa heshima bila kusubiri kuambiwa. Sina la kuongeza.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi kilichonibadilishia filamu ni historia yenyewe ya familia hii, ambayo iliishi kweli. Maria halisi aliingia katika nyumba ile mwaka 1926 kumfundisha mtoto mmoja aliyekuwa mgonjwa, si kuwalea wote saba, na aliolewa mwaka uliofuata, zaidi ya miaka 10 kabla ya familia kuihama Austria. Kufikia wakati wa kuondoka walikuwa wamezaa wawili, na wa tatu alikuwa njiani, hivyo hesabu ya watoto ilifikia 10. Tena hawakuvuka mlima wowote kwa miguu: walipanda treni kwenda Italia, na jambo hilo lilirahisishwa na kwamba Kapteni alizaliwa Zadar, mji ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza uliangukia mikononi mwa Italia, naye akapata uraia wa huko. Anayeijua ramani atatabasamu pia, kwa kuwa Salzburg imepakana na Ujerumani, na milima ile ingeweza kuwafikisha kwa watu waliokuwa wakiwakimbia.

Watoto wake walisema kwamba baba yao alikuwa mpole kuliko anavyoonyeshwa. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ukali wa Kapteni ndio injini ya hadithi nzima; bila huo Maria hana cha kuyeyusha. Nadhani watengenezaji walichagua sawasawa kama wasimulizi, hata kama walimdhulumu marehemu.

Mwanzisha mada:
Ahsante kwa hilo. Kwa upande wangu treni haijanipunguzia chochote, maana machozi ninayotoa ni ya pale sauti ya Kapteni inapokatika jukwaani katikati ya Edelweiss na ukumbi mzima ukamsaidia. Wako wanaodhani huo ni wimbo wa jadi wa Austria, kumbe ni kazi ya watunzi Rodgers na Hammerstein kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa mwaka 1959 uliozaa filamu hii.

Mchangiaji wa nne:
Ndugu, sauti hiyo inayokuliza kwa sehemu kubwa si ya Christopher Plummer, anayeigiza Kapteni. Aliyemwimbia ni Bill Lee. Cha kufurahisha, miongoni mwa watawa yumo Marni Nixon, mwanamke aliyewaimbia kwa siri Deborah Kerr, Natalie Wood na Audrey Hepburn katika filamu nyingine. Humu anaonekana kwa sura yake na kuimba kwa sauti yake. Utotoni niliwapenda watawa kwa sababu ya vile vifaa vya magari ya Wanazi walivyovificha chini ya majoho. Sasa filamu ikianza namtafuta yeye kwanza.