Serikali ya Marekani ilipofungwa, wewe yalikukuta yapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za mchana. Jana nimebishana na shemeji yangu wa Morogoro nusu saa nzima, yeye anashikilia kwamba serikali ya Marekani haiwezi kuishiwa hela, namwambia haijaishiwa bwana, imegombana, rais na Bunge wakishindwana kwenye bajeti ofisi zinafungwa. Akacheka mpaka simu ikakata. Ndo nikasema ngoja nilete uzi huu, najua humu tupo wengi tuliopigwa na ile ya Trump ya siku 35, kuanzia 22 Desemba 2018 mpaka 25 Januari 2019.

Naanza mimi. Nilikuwa mlinzi kwenye jumba moja la makumbusho pale Washington DC, ila sio mwajiriwa wa serikali, niliajiriwa na kampuni yenye mkataba nao. Krismasi tulipiga kazi kama kawaida maana jumba lilikuwa na akiba kidogo, mwaka mpya ulipoingia tukaambiwa rudisheni redio na funguo, mtapigiwa simu. Nikakaa nyumbani na sare yangu imepigwa pasi inaning'inia mlangoni, kila nikipita naiona. Wiki ya tatu nikaanza kuendesha teksi za mtandaoni usiku, na nani apande teksi DC wakati watumishi wote wako ndani hawana mshahara? Nazunguka nachoma mafuta tu.

Kinachoniuma mpaka leo, watumishi wa serikali walirudishiwa malimbikizo yao yote, Trump mwenyewe alisaini hiyo sheria Januari ile ile. Sisi wa mkataba hatukupata hata senti. Wafagiaji, wapishi wa kantini, walinzi, wote imekula kwetu.

Haya, tiririkeni.

---

Mdau wa New Jersey: Mimi nilikuwa upande wa kukagua mizigo eapoti, sisi hatukupumzishwa, tuliambiwa ni kazi muhimu kwa hivyo mnakuja na hamlipwi. Tarehe 11 Januari nikafungua slipu nikaona 0.00. Nikaifunga nikaifungua tena, wajua vile mtu hufanya. Mamangu yuko Kakamega na kila mwezi namtumia za dawa ya presha kwa M-Pesa, nikampigia nikamwambia mama mwezi huu serikali haijatulipa, akanyamaza, halafu akaniuliza polepole, "Umefutwa kazi, sivyo? Niambie tu ukweli." Nilimtumia hadi video ya habari lakini wapi, hakuamini. Akaniambia nisali.

Kuna siku mzee mmoja abiria akaniwekea kadi ya supamaketi ndani ya trei ya viatu, ya dola 20. Sheria yetu hairuhusu kupokea chochote ukiwa kazini, nikamkimbilia nikamrudishia. Hiyo jioni nikifika nyumbani nikapata friji ina haradali na nusu kabichi, woi, nilijuta kuwa mwaminifu.

Mdau wa Texas: Poleni, ila tusidanganyane, nyie wa serikali mlilipwa baadaye, ilikuwa likizo tu. 😂

Mdau wa New Jersey: Likizo gani hiyo ya kuamka saa tisa usiku? Mwenye nyumba wangu hajui kitu inaitwa baadaye, alinichaji faini ya kuchelewa na hiyo hakuna aliyenirudishia.

Mdau wa Ohio: Mimi ni wa Bukavu. Miye sikuwa na kazi ya serikali, nilikuwa na tarehe ya hukumu. Nilingojea miaka tatu ile siku ya kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji, ilikuwa katikati ya Januari 2019, wakili tumeshapanga karatasi zote, suti nimenunua. Mke na watoto wako kambi ya wakimbizi ya Nakivale kule Uganda, wanajua papa akipata karatasi ataanza kuwaita. Basi serikali ikafungwa, mahakama za uhamiaji zikabaki na kesi za watu walio kizuizini tu, sisi wa nje zote zikaahirishwa. Zilipofunguka nikapewa tarehe mupya ya 2021. Mtoto wa mwisho nilimwacha anatambaa.

Na angalieni vizuri, ugomvi wao wote ulikuwa wa ukuta wa mpaka na Mexico, wa kuzuia wahamiaji. Wanasema wahamiaji ni wengi, kesi hazimaliziki, halafu wanafunga ile nyumba inayomaliza kesi.

Mwenye uzi: Kaka pole sana. Familia ilishafika?

Mdau wa Ohio: Walifika. Yule wa kutambaa alikuwa anaogopa kunishika mkono.

Mdau wa Dodoma: Samahani sisi tulioko bongo, hivi ilikuwaje mpaka wakafikia huko? Si rais angeamua tu?

Mdau wa Virginia: Mkuu hapo ndo utamu wenyewe. Kule hela haitoki bila Bunge lao kupitisha na rais kusaini, kuna sheria ya tangu karne ya 19 inakataza ofisi kutumia hela isiyoidhinishwa. Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta, Bunge likagoma, akagoma kusaini, wafanyakazi kama laki nane wakakwama katikati. Kilichomlegeza ni ndege, tarehe 25 Januari waongoza ndege wakawa wachache, LaGuardia pale New York wakasimamisha ndege kuingia kwa muda, jioni hiyo hiyo serikali ikafunguliwa. Februari Bunge likampa bilioni 1.375 tu, akapokea, na siku hiyo hiyo ya tarehe 15 akatangaza hali ya dharura kwa kutumia sheria ya 1976 ili achote hela za ujenzi wa jeshi. Yaani umeomba shati umepewa leso, unarudi usiku kuchukua shati kwenye kamba.

Bunge lao lina nyumba mbili, Seneti na Wawakilishi. Seneti nao wakapiga kura kuifuta dharura, 59 kwa 41, hadi 12 wa chama chake wakamgeuka, akaweka veto, yaani akaukataa uamuzi wa Bunge, yake ya kwanza kabisa tangu aingie madarakani. Kuivunja veto inataka theluthi mbili, wawakilishi wakapata 248 kwa 181, hazikutosha. Dharura ikadumu mpaka Biden alipoifuta siku anaapishwa. Hiyo sheria ya 1976 ilitungwa kumbana rais lakini sasa ukitaka kumbana unahitaji theluthi mbili za Bunge.

Kwetu Tanzania ni kinyume, Bunge likikataa bajeti rais anaweza kulivunja, ibara ya 90 ya Katiba. Ndo maana haikatai mtu hahaha.

Mdau wa Nairobi: Kenya ukisoma kifungu cha 222 cha Katiba, bajeti ikichelewa Bunge linaweza kuruhusu serikali itumie hadi nusu ya makadirio huku wakiendelea kubishana. Na dharura ya rais kwetu ni siku 14 tu, zaidi ya hapo lazima aende Bunge.

Mdau wa Minnesota: Nyie mnaongea ya 2019, mimi kidonda changu ni cha juzi, ile ya 2025 ya siku 43. Nina watoto watatu, kazi yangu ya kutunza wazee hailipi vizuri, tunasaidiwa na kadi ya chakula ya serikali. Novemba ilipofika hela haikuingia. Mara mahakama imeamuru walipe, mara wamekata rufaa, mara italipwa nusu, kila asubuhi napiga ile namba ya nyuma ya kadi kusikiliza salio, mashine inanisomea senti 64 kwa sauti nzuriii ya kike. Msikitini wakatugawia mchele, unga na mafuta. Binti yangu wa miaka saba akaniuliza kama Trump amechukua kadi yetu, nikakosa jibu.

Mdau wa Texas: Aisee hii ya senti 64 imeninyamazisha. Dada samahani, nilidhani ni utani.

Mwenye uzi: Shemeji anausoma huu uzi, kaniandikia sasa hivi pembeni. Anauliza kama ile laki mbili aliyonikopesha mama Januari ile, ambayo niliwaambia ni ya kutengeneza gari, ilikuwa kweli ya gari.