Matuta ya ngazi Elgon: sheria itulazimishe?

Mkaazi wa Mbale: Huku Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, maporomoko ya udongo yanatuua: wilayani Bududa tulizika watu Nametsi 2010, tukazika tena Bukalasi 2018. Kwa nini sheria isimlazimishe kila mwenye shamba la mteremko kuchimba matuta ya ngazi, yaani kuukata mteremko uwe vidato vya kuzuia udongo? Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, wanayo tangu enzi za mkoloni. Huku tunalima kufuata mteremko, uvivu mtupu.

Mama Kahawa: Uvivu? Njoo kwetu Bulucheke, huko Bududa, ushike jembe tangu alfajiri, mtoto mgongoni, halafu urudie neno hilo. Wewe unalima nini hapo mjini?

Mwana Kabale: Kigezi msiisifu bila kuijua. Babu zetu walichimba kwa amri, machifu wakiwasimamia. Leo udongo mzuri hujikusanya kwenye ukingo wa tuta, jirani wa chini anaukwangua kwa jembe arutubishe shamba lake, mpaka ukingo unaporomoka. Kesi kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, haziishi.

Mkaazi wa Mbale: Nimesema sheria, sikusema amri ya mkoloni.

Mama Kahawa: Umesema uvivu. Lifute kwanza.

Bwana Shamba: Jamani, tuta lenyewe linachimbwaje? Udongo wa juu unawekwa kando, ngazi ikishakatwa unarudishwa. Ukiufukia, mahindi yanatoka ya njano. Ngazi iiname kidogo kuelekea mlimani, mfereji utoe maji hadi mkondo salama, ukingo upandwe mabingobingo. Mteremko ukizidi digrii 25 hivi, ngazi zinakuwa nyembamba na kuta ndefu; hapo panda miti. Na Bududa kuna hatari yake: ngazi inayotuamisha maji inayazamisha kwenye mfinyanzi, na poromoko linaloanzia ndani sana ardhini halizuiwi na tuta.

Mkaazi wa Mbale: Miti! Nani aliikata?

Mama Kahawa: Sasa tumekuwa wezi wa msitu? Elgon ilipofanywa hifadhi ya taifa 1993, watu waliambiwa mashamba ya baba zao yako ndani ya mpaka. Wakafukuzwa.

Mwana Kabale: Mama ana haki hapo.

Mkaazi wa Mbale: Mpaka ni mada nyingine, dada.

Mama Kahawa: Ni hiyohiyo! Baada ya Nametsi majirani walihamishiwa wilaya ya Kiryandongo, mbali na makaburi yao. Ngazi zinakula nguvu za msimu mzima, na mavuno ya kwanza hupungua. Nani atachimba asipojua kama mwakani bado atakuwa hapo? Nipeni hati ya nusu eka yangu, nitaanza kuchimba kesho.

Bwana Shamba: Na mfereji je? Maji yako yatapita kwa jirani.

Mama Kahawa: Hati kwanza.