Kirai na kishazi katika sarufi ya Kiingereza: kigezo ni kipi?

Swali
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nimefundishwa kwamba kirai ni kundi la maneno lisilo na maana kamili, na kishazi ni lenye maana kamili. Kanuni hiyo hainisaidii nikutanapo na "because the road was closed", ambalo huitwa kishazi ingawa likisimama peke yake msomaji hubaki akisubiri. Je, kigezo hasa ni kipi?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, ningeshauri uachane kabisa na kigezo cha maana kamili, kwa sababu hicho hupambanua sentensi na kisicho sentensi, wala hakipambanui kirai na kishazi. Tazama muundo: kishazi huwa na kiima (anayetenda au anayeelezwa) pamoja na kitenzi kinachoonyesha wakati, ilhali kirai hujengwa juu ya neno kuu moja bila uhusiano huo. Linganisha "after the meeting" na "after the meeting ended". Yote mawili huanza kwa neno lile lile na kueleza tendo lilifanyika lini, lakini la pili lina kiima, "the meeting", na kitenzi, "ended", kwa hiyo ni kishazi tegemezi, yaani kisichoweza kusimama peke yake. La kwanza ni kirai.

Jibu la pili
Nakubali, na naongeza jambo ambalo wanafunzi wengi hawalielezwi vya kutosha: kishazi huweza kukaa ndani ya kirai. Katika "The book that she wrote won a prize", maneno "the book that she wrote" kwa pamoja ni kirai nomino, nacho ndicho kiima cha "won", na ndani yake mna kishazi rejeshi, "that she wrote", kinachoeleza ni kitabu kipi. Urefu nao si kigezo, kwani "birds fly" ni kishazi kwa maneno mawili tu.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Na "having finished the work"? Kitenzi nakiona, kiima sikioni.

Jibu la kwanza
Hapo wanasarufi wenyewe hutofautiana. Sarufi ya kimapokeo huliita kirai; Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao ya mwaka 1985, hulihesabu kuwa kishazi, maana kitenzi chake bado kina yambwa (kinachotendwa), "the work", na kiima hueleweka kutokana na kishazi kikuu. Katika mtihani fuata istilahi za mtaala wako. Katika uandishi, hakikisha kiima hicho kilichofichika ndicho kiima cha kishazi kikuu: "Having finished the work, she left" ni sahihi, lakini "Having finished the work, the door was locked" humaanisha kwamba mlango ndio uliomaliza kazi.