Wafanyakazi wazuri wananiondokea, hivi vikao vya mmoja mmoja vinasaidia kweli?

kiongozi_mgeni:
Wakuu habari za leo, naomba mawazo yenu. Nilikuwa na timu ya watu 9, ndani ya miezi minne wameondoka wawili na ndio walikuwa wale ukimpa kazi unalala usingizi. Huyu wa pili alivyoleta barua tukakaa chini, ndio ananiambia tangu mwaka jana alitamani kuhamia upande wa kuchambua data, alikuwa anasubiri nimuulize. Nilikosa la kusema. Kila siku tunaonana, tunataniana, na sijawahi kumuuliza anataka kufika wapi.

Sasa nimeanza kukaa na kila mmoja nusu saa kwa wiki ila wananiletea ripoti tu, hii imeisha hii bado, dakika kumi tumemaliza tunabaki kutazamana. Mmoja kaniuliza kabisa, "bosi, kuna kosa nimefanya?" Nyie wenzangu mnafanyaje? Na kila wiki si nyingi jamani kwa watu saba?

mzee_wa_zamu:
Pole sana mkuu. Huyo aliyekuuliza kama ana kosa usimshangae, sehemu nyingi mtu anaitwa na bosi pakiharibika tu, kwa hiyo akiitwa lazima moyo umdunde. Watangazie wote kwa pamoja kwamba kila mtu ana siku yake na saa yake, na waambie kwa nini.

Halafu kile kikao ni cha kwake, sio chako. Andy Grove aliyeongoza Intel, ile kampuni ya chipu za kompyuta, alikuwa analisema hili tangu miaka ya 80, kwamba ajenda aandae mfanyakazi, bosi kazi yake kusikiliza na kuuliza. Sisi tuna faili moja la pamoja, yeye anaandika ya kwake siku moja kabla na mimi naongeza yangu chini, mambo ya kazi imefika wapi tunayaacha kwenye kikao cha timu. Mimi huwa nauliza vitu kama "wiki hii nini kimekuchosha?" au "kuna kazi ungependa kujaribu hujapewa?" halafu nanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndio pagumu maana ukimya unauma na unatamani uujaze wewe, usiujaze.

Kuna dada mmoja kwenye timu yangu nusu saa nzima ilikuwa "kila kitu safi bosi", nimeshafunga daftari, yeye kashika kitasa cha mlango ndio anageuka, "halafu bosi, mama anaumwa, hizi zamu za usiku zinanishinda." Akarudi akakaa tukaongea tena dakika ishirini. Nilimbadilishia zamu wiki ile ile na mpaka leo yupo, mwaka wa tatu huu. Asingesema pale mlangoni ningeletewa barua tu.

Kuhusu mara ngapi, wageni kazini kila wiki, waliozoea kila wiki mbili inatosha.

naongea_kama_mfanyakazi:
Mimi niko upande wa pili wa meza. Bosi wangu wa zamani alianza vizuri kama wewe, mwezi wa pili mara mteja kaja, mara tusogeze kesho, mpaka nikahesabu vikao sita mfululizo havijafanyika. Hapo unajua wazi uko nafasi ya ngapi kwake. Na vile vichache tulivyokaa alikuwa anajibu meseji huku anasema "endelea nakusikia". Kilichonimaliza kabisa ni jambo nililomwambia la nyumbani kwangu, siku mbili tu nalisikia kwa mwenzangu. Jioni ile ile nikaanza kuandika maombi ya kazi. Kaka kama huna uhakika utaweza kutunza siri na kutunza muda, bora usianze kabisa.

hesabu_kwanza:
Tusidanganyane, maongezi hayalipi kodi ya nyumba. Mtu anayelipwa chini ya kinachotolewa kwingine ataondoka hata mkikaa kila siku. Ila nakubali kwamba ukikaa naye unajua mapema, unapata muda wa kumpigania huko juu kabla hajapata ofa. Kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe mwaka 2012 waliachana na ile tathmini ya mara moja kwa mwaka wakaweka maongezi ya mara kwa mara, na ukifikiria ina mantiki, utamwambiaje mtu mwezi wa kumi na mbili kosa la mwezi wa pili? Na ukiahidi kitu kiandike, kikao kinachofuata anza nacho hata kama jibu ni hapana.

kiongozi_mgeni:
Asanteni sana, hii ya kuahirisha imenigusa maana wiki iliyopita nimeshaahirisha viwili, nimeenda kuwaomba radhi asubuhi hii. Kesho ni zamu ya yule aliyeuliza kama ana kosa, nimemtumia faili aandike ya kwake, ameweka mstari mmoja tu: "naomba tuongelee mafunzo." Nimeondoa mambo yangu yote, tutaongelea hilo hilo.