Mrejesho: seli nyeupe kwenye shahawa
Wakuu, niliuliza kama antibayotiki zingenisaidia kupata mtoto, kipimo cha shahawa kilionyesha seli nyeupe za damu (zile za kupambana na maambukizi) zaidi ya milioni 1 kwa mililita na mbegu zina kasi ndogo. Daktari hakukimbilia dawa, alinipima maambukizi kwanza, ikaonekana klamidia (maambukizi ya zinaa) ndo akatuandikia antibayotiki ya doksisaiklini mimi na wife, maana akitibiwa mmoja mnaambukizana tena. Sasa nimerudia kipimo, seli zimeshuka vizuri sana nimefurahi mno, kasi imepanda kidogo tu ila mbegu mpya huchukua kama miezi 3 kukomaa so tunasubiri. Mimba bado. Na muulize kama seli zenu zimethibitishwa kuwa ni nyeupe kweli, maana mbegu changa hufanana nazo kwenye hadubini na antibayotiki haizigusi hizo mbegu changa.